Mti Nao ni Malisho: Majibu kwa Barua za Wafugaji

Katika barua tulizopokea safari hii nimechagua nne zinazogusa jambo moja, nalo ni mfugaji anayetaka kuwa na miti ndani ya eneo lile lile analolishia mifugo yake. Nimezifupisha bila kugeuza maana, na majina ya waandishi nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Barua ya kwanza, kutoka Kishapu, Shinyanga

*Mimi ni mzee wa miaka 68. Nina ng'ombe 34, mbuzi wapatao 50 na ekari 20 za ardhi. Mwaka juzi nilipewa miche 200 ya miti mchanganyiko, nikaipanda mwezi Desemba mvua ziliposhika. Ilipofika Agosti ilikuwa imebaki 11. Mingi ililiwa na mbuzi, mingine ikakauka. Vijana wangu wanasema kuwa ardhi ya mfugaji haipokei miti. Je, niache?*

Shikamoo mzee wetu. Tafadhali usiache, na uniwie radhi nikianza na historia unayoijua kuliko mimi, kwa sababu jibu la swali lako limo humo.

Ardhi ya Shinyanga haikuwa tupu tangu mwanzo. Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa katika maeneo makubwa ili kuwafukuza mbung'o, baadaye mashamba ya pamba na tumbaku yakala sehemu nyingine ya pori, na katika miaka ya 1970 kuhamishiwa vijijini kuliwatenga watu na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Miongoni mwa vitu vilivyopotea ni ngitili, yaani ile desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungua katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe waliodhoofika. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi waliuita HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa na kumbukumbu rasmi zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango huo ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Naomba vijana wako walitazame jambo moja katika habari hii: sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini, baada ya mifugo kuzuiwa kwa muda.

Kwa hiyo kosa lako, mzee wetu, halikuwa kupanda miti. Ulitanguliza mche kabla ya ulinzi. Mche mmoja mororo katikati ya malisho yaliyokauka, mbele ya mbuzi 50, ni chakula kitamu kuliko vyote vilivyopo, na hakuna mchungaji atakayeweza kuulinda kwa fimbo mwaka mzima.

Mwaka huu chagua ekari tatu kati ya ishirini ulizonazo. Usichague mahali palipo tupu kabisa. Tafuta penye visiki vinavyochipua kila mwaka na kuliwa kila mwaka, hata kama machipukizi yake ni mafupi kiasi cha goti, kwa sababu chini ya kila kisiki cha namna hiyo kuna mizizi ya miaka mingi ambayo mche wa kiriba hauwezi kuifikia hata ukiumwagilia. Mvua zikianza Novemba, funga eneo hilo. Nyasi zitakazoota humo unaweza kuzikata kwa fyekeo na kuzibeba hadi zizini, lakini mnyama asiingie kwa miguu yake mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ng'ombe wanaweza kuruhusiwa kuanzia Agosti. Mbuzi wasubiri hadi machipukizi yawe marefu kuliko mtu aliyesimama, kwani mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma hufika mbali kuliko tunavyodhani, na akishaukata mti ncha, mti huo hubaki kichaka kwa miaka.

Kazi ya kutunza visiki hivyo haina gharama ila panga kali. Wafugaji na wakulima wa Dodoma wanaiita Kisiki Hai. Unapokuta kisiki chenye machipukizi kumi au kumi na tano yaliyosongamana, chagua mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, kisha uondoe mengine yote karibu na shina. Kwenye yale uliyoyabakiza, pogoa matawi ya nusu ya chini na uiache nusu ya juu, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Halafu funga kitambaa chenye rangi inayoonekana kwa mbali, ili kila apitaye, akiwemo mtoto wa jirani anayetafuta kuni, ajue kuwa mti huo una mwenyewe. Yale uliyoyakata yapange kama ua wa miiba kuzunguka kisiki, na mengine ni kuni za nyumbani. Rudia kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa sababu kisiki kitaendelea kutoa machipukizi mapya.

Ukitaka kupanda miche, panda ishirini badala ya mia mbili, na kila mmoja uwe na ua wake wa matawi ya miiba yaliyokitwa ardhini pande zote. Iko njia nyingine ambayo nimeiona ikisaidia sana kwa mbuzi: koroga kinyesi kibichi cha ng'ombe na maji hadi kiwe kama uji mzito, kisha pakaza majani ya mche kwa ufagio wa majani. Mbuzi hunusa na kugeuka. Mvua ikinyesha hali hiyo huisha, basi upakaze tena, na usikubali siku ipite kwa kuwa siku moja inatosha kuimaliza kazi ya miezi sita.

Miti nayo itakulipa kwa njia ambayo mfugaji huielewa upesi. Makokwa ya mgunga, yaani maganda yake yenye mbegu, hukomaa na kuanguka wakati nyasi zimekwisha, na yana protini nyingi kuliko nyasi kavu zilizosimama. Waagize watoto wayakusanye kwenye magunia yakiwa makavu kabisa, yahifadhiwe mahali pasipo unyevu, na yatwangwe kidogo kabla ya kulishwa, kwa kuwa mbegu ngumu nyingi hupita tumboni bila kusagika. Kuna pia mkababu, mti wa ajabu unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa wakati wa kiangazi, hivyo hautii kivuli kwenye mazao yanapokua, na makokwa yake huanguka wakati wa njaa ya mifugo.

Lakini ngitili haitalindwa na ua peke yake. Zilizodumu ni zile ambazo majirani walikubaliana kuzihusu, sungusungu wakazisimamia, na dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, ikatoza faini kwa aliyeingiza mifugo bila ruhusa. Kabla ya Novemba, liwasilishe jambo hili kwenye mkutano wa kijiji na uombe liandikwe kwenye muhtasari. Nyumbani pia mkubaliane mapema juu ya akina mama kuokota kuni kavu humo na kuchuma mboga, maana eneo linalofungwa bila wao kushirikishwa huwaongezea safari ya kuni, na hilo si haki.

Barua ya pili, kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro

*Nina ng'ombe wawili wa maziwa ninaowalisha zizini, na kihamba cha ekari moja chenye migomba na kahawa. Pumba na mashudu vimepanda bei hadi mauzo ya maziwa yanarudi yote dukani. Nimesikia kuwa majani ya kaliandra yanaweza kuchukua nafasi ya chakula cha dukani. Nipande mimea mingapi, na wapi? Mwanangu anashauri ning'oe masale ya mpakani ili nipate nafasi.*

Mama mpendwa, nianze na masale: usiyang'oe. Wewe unajua kuliko mimi kuwa masale ndiyo shahidi wa mpaka katika nchi yenu, na kwamba jani lake hupelekwa kuomba radhi pale watu walipokoseana. Kuyaondoa ili kupanda lishe ya ng'ombe ni kujitafutia ugomvi ambao hakuna maziwa yatakayoulipa. Ingia ndani hatua moja kutoka kwenye masale na upande mstari wako hapo.

Sasa hesabu. Utafiti uliofanywa pamoja na wafugaji wa Embu, Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani chenye protini asilimia 16. Ng'ombe mmoja akipewa kilo sita mabichi kwa siku, tatu asubuhi na tatu jioni, atahitaji mimea 500 hivi ili lishe hiyo isikatike mwaka mzima. Ekari moja iliyo mraba ina mzunguko wa mita zipatazo 254. Ukipanda mche mmoja kila nusu mita kuuzunguka mpaka, umeipata mimea yako 500 bila kugusa mgomba wala mkahawa hata mmoja. Kwa ng'ombe wa pili itakubidi uongeze mistari kwenye kingo za makinga maji, na kama kihamba kiko kwenye mteremko hiyo ni faida ya pili, kwa sababu mizizi itashika udongo. Ikiwa nafasi haitoshi, basi wagawie wote wawili nusu ya kiasi hicho na ununue nusu ya chakula uliyokuwa ukinunua. Huo bado ni unafuu mkubwa.

Hapa naomba nieleweke vizuri, maana baadhi ya wauza mbegu huahidi mambo makubwa mno. Kaliandra huleta protini. Haileti nguvu yote ambayo ng'ombe anayekamuliwa anaihitaji, kwa hiyo majani ya tembo, majani na magogo ya migomba na pumba kidogo vitaendelea kuwepo, na maji safi yawe mbele ya ng'ombe wakati wote. Isizidi theluthi ya chakula chake cha siku. Anza na konzi chache na uongeze taratibu kwa muda wa wiki mbili, ili tumbo lake lizoee. Walishe majani yakiwa mabichi, yaliyokatwa siku hiyo hiyo. Na kwa wiki ya kwanza tumia mizani ya kuning'iniza kupima kilo tatu, uone ni mzigo wa ukubwa gani mikononi mwako, kwa sababu wengi hukisia na kumpa ng'ombe nusu ya kinachotakiwa, kisha wakasema kuwa mti haufanyi kazi.

Ili upande mwezi Machi masika yanapoanza, mbegu zisiwe kwenye viriba baadaye kuliko Novemba, kwani mche huhitaji miezi mitatu hadi minne kitaluni. Loweka mbegu kwenye maji baridi kwa saa 48, utupe zinazoelea, uzipande siku hiyo hiyo. Changanya kwenye udongo wa viriba konzi moja ya udongo uliochotwa chini ya kaliandra ya zamani, kwa kuwa ndani yake kuna bakteria wanaousaidia mmea kujitengenezea naitrojeni. Usikate chochote hadi mimea itimize miezi tisa, na kama mvua zilikuwa haba subiri mwaka. Kata kwa urefu wa mita moja hivi kutoka ardhini, kisha urudi kwenye mmea huo baada ya miezi miwili au zaidi kidogo, ukigawa mstari wako katika vipande ili kila wiki uwe na pa kukata. Wanaokata chini sana na mara kwa mara huimaliza mimea ndani ya misimu michache.

Mringaringa na mruka uliyonayo kihambani iache isimame. Mababu waliopanga kihamba, mti juu, mgomba katikati, kahawa chini yake na ng'ombe zizini akirudisha samadi, walifanya kazi ambayo wataalamu wa nchi nyingi leo wanakuja kujifunza.

Barua ya tatu, kutoka Kilosa, Morogoro

*Nilipanda milusina kuzunguka banda langu la mbuzi 12 na imestawi sana. Kiangazi hiki nimewalisha lusina peke yake kwa miezi miwili. Sasa wananyonyoka manyoya, na mmoja amezaa watoto dhaifu wenye uvimbe kooni. Daktari wa mifugo yuko mbali. Je, ni ugonjwa wa kuambukiza?*

Ndugu mfugaji, dalili ulizozieleza zinafanana sana na sumu iliyomo kwenye lusina yenyewe, inayoitwa mimosini. Haiambukizi. Hudhoofisha mizizi ya manyoya, na ikivunjwa tumboni huzuia kazi ya tezi ya shingo, ndiyo maana unaona uvimbe huo kwa watoto waliozaliwa. Acha kuwalisha lusina kuanzia leo, uwape nyasi, majani ya viazi vitamu au mabaki ya mahindi, pamoja na jiwe la chumvi lenye madini ya joto. Wengi hurudi katika hali yao baada ya majuma kadhaa, lakini watoto wale wenye uvimbe waonwe na daktari hata ikibidi kusafiri, kwa kuwa kuna magonjwa mengine yanayovimbisha koo na siwezi kuyatofautisha kwa barua.

Usiing'oe milusina yako. Ni lishe nzuri mno ikiwa haizidi kilo tatu katika kila kilo kumi za chakula cha mbuzi. Wapo mbuzi wa Hawaii ambao tumboni mwao waligunduliwa vijidudu vinavyoivunja sumu hii kabisa, na vijidudu hivyo vilipelekwa Australia katika miaka ya 1980 na kuwasaidia ng'ombe wa huko, lakini sisi tusitegemee hilo, tutegemee kuchanganya. Kama una punda au nguruwe, wasipewe kabisa, kwa sababu wao huathirika upesi kuliko wanyama wanaocheua. Ukipata nafasi, ongeza gliriside kwenye ua wako. Siku za mwanzo mbuzi wataikataa kwa harufu yake. Kata jioni, uiache inyauke usiku kucha, na asubuhi wataikubali.

Barua ya nne, kutoka Makueni, Kenya

*Mimi ni kijana, nimerudi nyumbani kusaidia kutunza ng'ombe 15 na mbuzi wa familia. Nataka kuacha migunga michanga ikue malishoni na kupanda mukau. Baba yangu anakataa, anasema miti huiba nyasi. Pia kuna mtu anatupa mbegu za mathenge bure, anasema hustahimili ukame na mbuzi wanaipenda. Tufanye nini?*

Mbegu za mathenge zikatae, kwa heshima lakini bila kusita. Ni kweli kwamba hustahimili ukame na ni kweli kwamba mbuzi hupenda makokwa yake, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu mbuzi hula, mbegu hupita nzima, na kila mahali wanapolala panaota kichaka cha miiba. Mti huu ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Ulifunika malisho na kando za mito, miiba yake ikajeruhi watu na mifugo, na sukari ya makokwa ikaoza meno ya mbuzi hadi wakashindwa kula. Wananchi wa huko waliishitaki serikali, na wakafika mahakamani na mbuzi asiye na meno ili majaji wajionee. Msilete mti huo mahali ambapo bado haupo.

Mukau ni chaguo zuri kwa Makueni, maana ni mti wa kwenu. Mbao zake hukwepwa na mchwa, huvunwa baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano, na majani yake hulishwa mbuzi wakati wa kiangazi. Kuotesha mbegu zake ni kazi ngumu, kwani kokwa lazima livunjwe na ngozi ya mbegu ikwaruzwe kwa uangalifu bila kuijeruhi, kwa hiyo kwa mwaka wa kwanza nakushauri ununue miche iliyotokana na mbegu bora zinazozalishwa Kitui na Kibwezi. Uipande mbalimbali, mita nne au zaidi kati ya mti na mti, nyasi zipate jua.

Kuhusu baba yako, usimwambie kuwa amekosea, kwa sababu hajakosea kabisa. Mahali miti inaposongamana nyasi hufa kweli, na mikaratusi iliyopandwa karibukaribu hunyonya maji hadi chini yake panabaki vumbi. Ila mgunga mmoja mkubwa uliosimama peke yake ni jambo tofauti. Uchunguzi uliofanywa Tsavo Magharibi katika miaka ya 1980, jirani tu na kwenu, ulikuta kuwa nyasi zilizo chini ya migunga na mibuyu zilizaa zaidi kuliko zilizo juani, kwa kuwa udongo wa pale una rutuba zaidi na joto lake ni pungufu. Kivuli chenyewe pia ni mali: ng'ombe aliyepigwa na jua la saa saba huacha kula na kusimama akihema, na muda huo haurudi.

Maneno yangu hayatamtosha, na si lazima yamtoshe. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi zikiwa zimekomaa, chukua vijiti vinne na kamba, pima mraba wa mita moja chini ya mgunga mkubwa mahali ambapo mifugo haijapita, na mraba mwingine hatua thelathini kutoka hapo, juani. Kata nyasi za kila mraba kwa mundu hadi chini, zianike kila fungu peke yake kwa siku nne, uzipime kwenye mizani. Fanya hivyo kwa miti mitatu, kwa sababu mti mmoja unaweza kudanganya. Kisha mpelekee baba yako mafungu hayo pale anapokaa jioni, umwachie ayashike mwenyewe, na umwombe yeye ndiye achague migunga itakayobaki na itakayokatwa.